Shangazi Fanny, Mama wa Nyimbo Zetu



Katika kitabu hiki cha yubile mtasoma majina mengi: waanzilishi wa kwaya, walimu waliotufundisha sauti, walezi, wachungaji waliotuombea, na wale waliotutangulia mbele za haki. Ni vyema wakumbukwe. Lakini kuna mtu mmoja ambaye hayumo katika picha yoyote ya kwaya hii. Hakuwahi kukanyaga Afrika, naye alifariki mwaka 1915, kabla ya babu za wengi wetu kuzaliwa. Hata hivyo hatumalizi mwezi bila kuimba maneno yake. Tukiimba Usinipite Mwokozi, ni yake. Tukiimba Ndio Dhamana, ni yake. Wengi wetu tumeziimba nyimbo hizi tangu Shule ya Jumapili bila kujiuliza aliyeziandika alikuwa nani, alikula nini, alilala wapi, na alilia kwa sababu gani. Kamati ya yubile imeona vyema tumweleze.

Jina lake kamili lilikuwa Frances Jane Crosby. Watu walimwita Fanny, na alipozeeka Wamarekani walimwita Shangazi Fanny hata wale ambao hawakuwa na undugu naye wowote. Alizaliwa tarehe 24 Machi 1820 katika kijiji cha Southeast, jimbo la New York, kwenye nyumba ndogo ya wakulima. Alipokuwa na umri wa wiki sita hivi, macho yake yalivimba na kuwa mekundu. Daktari wa familia hakuwepo. Akapatikana mtu aliyejidai kuwa anajua tiba, naye akaagiza mtoto abandikwe dawa ya moto ya haradali machoni. Uvimbe uliisha, lakini makovu meupe yakabaki na mtoto hakuona tena. Yule mtu, alipoona watu wamekasirika, alihama eneo lile na hakusikika tena. (Sisi pia tunawafahamu madaktari wa namna hiyo. Hawajaisha.) Siku hizi wako wanaodhani kwamba huenda mtoto alizaliwa na kasoro ya macho ambayo ingempata tu. Fanny mwenyewe hakuamini hivyo. Aliamini hadi kufa kwamba ni yule mtu, na wakati huohuo alisema hana kinyongo naye hata kidogo, na kwamba kama angekutana naye angemshukuru.

Maneno hayo ni rahisi kuyasoma na kupita. Tusipite haraka. Mtu aliyeyasema hakuwahi kuuona uso wa mama yake.

Mwaka huohuo wa 1820 baba yake alifariki, Fanny akiwa bado ananyonya. Mama yake, Mercy, alibaki mjane akiwa na miaka 21, akaenda kufanya kazi za nyumbani kwa watu ili wapate kula. Kwa hiyo aliyemlea Fanny kwa sehemu kubwa ni nyanya yake, Eunice. Huyu nyanya anastahili ukurasa wake mwenyewe. Hakumfungia mjukuu ndani kama kitu cha aibu, jinsi ilivyofanyika kwa watoto wengi vipofu, huko na hapa kwetu. Alimchukua nje. Alimweleza rangi za machweo, umbo la mawingu, ndege gani analia juu ya mti gani. Alimpa majani na maua ayashike na kuyanusa mpaka ayatambue moja moja. Jioni alimkalisha kwenye kiti chake cha kuyumba, akamsomea Biblia polepole na kumfafanulia, na wakati mwingine wakapiga magoti pamoja kando ya kiti hicho. Watu wanaposhangaa kwamba kipofu aliandika nyimbo zilizojaa mwanga, mito na vivuli, inafaa wamkumbuke Eunice. Aliyekuwa na macho aliyatumia kwa niaba ya asiyekuwa nayo.

Akiwa na miaka mitano, mama yake alimpeleka jijini New York kwa Dkt. Valentine Mott, mmoja wa wapasuaji mashuhuri wa Marekani wakati ule. Dkt. Mott alimtazama na kusema hakuna la kufanya. Walirudi nyumbani kwa mashua, mama akiwa na moyo mzito, na mtoto ameketi akisikiliza maji. Alipofika miaka minane alitunga shairi fupi ambalo ndani yake anajiita mwenye furaha na kukataa kulia kwa sababu ya upofu. Miaka minane tu! Wako watu wazima tunaolalamika kanisani kwa sababu ya kiti.

Baadaye mama alihamia Ridgefield, jimbo la Connecticut, nao wakakaa katika nyumba ya mama mmoja aliyeitwa Bi. Hawley. Huyu alimwekea Fanny mpango wa kukariri Biblia: sura kadhaa kila wiki, na kabla ya wiki kuisha azitoe kichwani bila kukosea. Alipokuwa kijana alikuwa ameziweka moyoni Injili zote nne, vitabu vitano vya Musa, Mithali, Wimbo Ulio Bora na Zaburi nyingi. Nataja jambo hili kwa sababu ya vijana wetu wa kwaya, ambao simu ikizimika ukumbini na wimbo wenyewe umezimika. Fanny hakuwa na karatasi ya kusoma. Kila alichoimba, alikuwa nacho ndani.

Mwaka 1835, akikaribia kutimiza miaka 15, alipokelewa katika Taasisi ya Wasioona ya New York. Alikaa pale zaidi ya miaka 20, kwanza kama mwanafunzi na kisha kama mwalimu wa sarufi, ufasaha na historia. Hesabu hakuipenda na hakuificha chuki yake. Muziki aliupenda: alijifunza gita, piano, kinanda na kinubi, na alikuwa na sauti nzuri ya soprano. Mashairi yake yalianza kumpa jina. Wageni wakubwa walipotembelea shule, yeye ndiye aliyeitwa kuwasomea. Siku moja msimamizi wa shule alimwita ofisini. Fanny alikwenda akidhani ataombwa shairi jingine la sherehe. Kumbe aliitwa kuonywa: asiwasikilize sana wanaomsifu, na ajue kwamba kipaji amepewa na Mungu, hakukinunua. Maneno yalimuuma, akalia, kisha akamshukuru yule mzee na kumwambia amesema naye kama baba. Kila mwenye kuimba solo katika kwaya hii naomba asome kifungu hiki mara mbili.

Mwaka 1844 alikwenda na wanafunzi wenzake mpaka Washington, akasimama mbele ya Bunge la Marekani akasoma mashairi yake, ili watunga sheria waone kwamba watoto wasioona wanaweza kufundishwa. Mwaka huohuo kitabu chake cha kwanza kilichapishwa. Alijulikana. Alikutana na marais. Mmoja wa waliofanya kazi pale shuleni alikuwa kijana aitwaye Grover Cleveland, aliyependa kumwandikia mashairi anapoyataja kwa mdomo. Kijana huyo baadaye akawa Rais wa Marekani, nao wakabaki marafiki hadi uzeeni.

Lakini wakati huu wote, kwa ushuhuda wake mwenyewe, kulikuwa na kitu ambacho bado hakijatulia ndani. Alijua Biblia kuliko wachungaji wengi. Alikuwa mwenda kanisani. Ndipo mwaka 1849 kipindupindu kikaingia New York. Watu walikufa kwa maelfu, na wanafunzi wa taasisi walikuwa miongoni mwao. Fanny angeweza kuondoka kama wengine. Alibaki, akamsaidia daktari kutengeneza vidonge na kukesha na wagonjwa. Hakuona majeneza, lakini aliyagusa kwa mguu alipokuwa akipita ukumbini usiku, na alisikia sauti za wale waliokuja kuyachukua. Alijiuliza, kama zamu yake ingefika usiku ule, angekuwa tayari? Jibu alilopata moyoni halikumpendeza.

Vuli ya mwaka uliofuata kulikuwa na mikutano ya uamsho katika kanisa la Kimethodisti jijini. Alikwenda mbele kuombewa mara mbili, akarudi bila amani aliyoitafuta. Tarehe 20 Novemba 1850 alikwenda mara ya tatu, akiwa peke yake. Kusanyiko lilipoanza kuimba wimbo wa zamani wa Isaac Watts juu ya mateso ya Mwokozi, na kufika beti la mwisho ambapo mtu anajitoa mwenyewe kwa Bwana, moyo wake ulifunguka. Alikuwa na miaka 30. Angalieni kilichomfikisha: ni wimbo, ulioimbwa na watu ambao hawakujua kwamba kati yao yuko mtu anayeusikiliza kwa ajili ya uhai wake. Waimbaji wa jioni ile hatuna majina yao.

Sasa tuje kwenye ndoa yake, ambayo vitabu vingi vya sifa huipita kwa mstari mmoja.

Katika taasisi ile alikuwepo kijana mwingine asiyeona, Alexander van Alstyne, mwanamuziki hodari na mpiga kinanda, aliyekuwa mdogo kwa Fanny kwa miaka kumi na zaidi. Alianza kama mwanafunzi, akarudi kuwa mwalimu. Walipendana kwa sauti, kama alivyosimulia yeye: alisikia muziki wake, naye akasikia mashairi yake. Walifunga ndoa tarehe 5 Machi 1858. Mume alisisitiza aendelee kutumia jina la Crosby katika maandishi yake, kwa sababu ndilo watu walilolijua. Mume wa karne ile kufanya hivyo halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1859 walipata mtoto. Mtoto huyo alifariki akiwa mchanga sana. Fanny, aliyeandika maelfu ya nyimbo na kusimulia maisha yake zaidi ya mara moja, karibu hakulizungumza jambo hili maisha yake yote. Ilikuwa uzeeni, na kwa maneno machache mno, alipokiri tu kwamba Mungu aliwapa mtoto mchanga na malaika wakaja wakamchukua. Basi. Wala wajuzi wa habari zake hawakubaliani hata juu ya jina la mtoto.

Kinamama waliozika mtoto mchanga wanajua kimya hicho. Katika kanisa letu wako, na wengine wanaimba nasi kila Jumapili.

Miaka tisa baadaye, tarehe 30 Aprili 1868, mtunzi wa muziki aitwaye William Doane alifika nyumbani kwake kwa haraka. Alikuwa na tuni mpya isiyo na maneno, naye alikuwa na dakika 40 tu kabla ya kwenda kupanda gari la moshi kurudi Cincinnati. Akaicheza. Fanny akasikiliza, akasema kwamba tuni hiyo inataja kuwa salama mikononi mwa Yesu, akaingia chumba cha ndani, akapiga magoti kama ilivyokuwa desturi yake kabla ya kuandika, na baada ya nusu saa hivi akatoka na wimbo mzima kichwani. Doane aliuandika akakimbilia stesheni. Huo ndio wimbo ambao umeimbwa kwenye makaburi ya watoto kote duniani, na katika matanga yetu pia tumeuimba. Fanny aliupenda kuliko nyingi, na katika maisha yake aliutumia kuwafariji kinamama waliofiwa na watoto. Watu husema uliandikwa kwa dakika 30. Mimi naona uliandikwa kwa miaka tisa, na zile dakika 30 zilikuwa za kuutamka tu.

Kazi ya kuandika nyimbo za injili aliianza mwaka 1864, akiwa tayari anakaribia miaka 44. Mchungaji mmoja alimkutanisha na William Bradbury, mtunzi na mchapishaji wa vitabu vya nyimbo za Shule ya Jumapili, naye akamwambia alikuwa akimtafuta mtu kama yeye. Kuanzia hapo hakuacha. Kampuni ya uchapishaji iliyorithi kazi ya Bradbury ilitaka nyimbo tatu kila wiki, naye mara nyingi alitoa zaidi. Kuna siku alitunga sita au saba. Aliweza kuweka nyimbo nyingi kichwani, akazisahihisha hukohuko gizani, kisha akamtajia mwandishi zote kwa mfululizo. Kwa jumla inahesabiwa kuwa aliandika zaidi ya 8,000. Wachapishaji waliona haya kutoa kitabu ambacho nusu yake ni mtu mmoja, basi walimtafutia majina mengine. Alitumia karibu majina 200 tofauti. Wengine tunaodhani tunaimba watunzi kumi katika ibada moja, huenda tunaimba mwanamke mmoja.

Hebu tuseme pia ukweli: si nyimbo zote 8,000 zilikuwa nzuri. Nyingi zilisahauliwa wiki hiyohiyo. Mtu anayeandika kila siku huandika na ya kawaida. Lakini hakungoja apate wimbo bora ndipo aketi kuandika. Alikwenda kazini kama fundi anavyokwenda, na ule wa kuimbwa miaka 150 ukazaliwa siku moja na ule wa kusahaulika.

Na malipo? Dola moja au mbili kwa wimbo, basi, na haki zote zikawa za mchapishaji. Kabla ya nyimbo za injili aliwahi kumwandikia George Root maneno ya nyimbo za kawaida, na mmoja wao ukapendwa nchi nzima na kumletea Root maelfu ya dola, huku yeye akipata malipo yake madogo ya kawaida. Kwa kipimo cha leo tungesema alidhulumiwa, na nadhani tungekuwa na haki. Yeye hakuhesabu hivyo. Yeye na mumewe walikuwa na desturi ya kutoa kila kilichozidi mahitaji ya siku, na mara kwa mara alipoalikwa kuhutubu alikataa bahasha. Waliishi katika vyumba vya kupanga, wakihamahama, kwa muda mrefu karibu na mitaa duni ya Manhattan, mitaa ambayo watu wa heshima walipita wakiwa wameziba pua. Siku moja alihitaji dola tano na hakuwa nazo. Akaomba. Muda si mrefu mtu akabisha hodi, mgeni aliyetaka kumsalimu tu, na walipoagana akamwachia mkononi dola tano. Wimbo wake wa mwaka ule kuhusu Mwokozi anayeongoza njia yote ulitokana na siku hiyo. Hauna hata neno moja la fedha ndani yake, lakini chanzo ni hicho: kodi na chakula.

Marafiki zake matajiri hawakukosekana. Phoebe Knapp, mke wa mkuu wa kampuni kubwa ya bima, alikuwa na jumba Brooklyn lenye kinanda kikubwa ndani, na Fanny alikaribishwa humo mara nyingi. Mwaka 1873 Bi. Knapp alimchezea tuni aliyoitunga mwenyewe, akamuuliza inasema nini. Fanny alisikiliza mara mbili tatu, akajibu kwamba inasema dhamana ya baraka, Yesu ni wangu. Ndipo tukapata Ndio Dhamana. Mmoja alikuwa na vyumba asivyoweza kuvitumia vyote, mwingine alikuwa na chumba asichokimiliki, na wimbo wa kumiliki kila kitu ukatoka kwa yule wa pili.

Baada ya ziara kama hizo alirudi kwake, kwa watu aliowapenda zaidi: walevi, wasio na kazi, wafungwa, wanawake waliotupwa na jamaa zao, na wafanyakazi wa reli ambao aliwaita vijana wake. Alikwenda kwenye misheni za mitaani, hasa ile ya Bowery, akaketi katikati ya watu wanaonuka pombe, akawashika mikono. Alikuwa na kanuni moja: usimwambie mtu kwamba ni mwenye dhambi, hilo analijua tayari, mwambie kwamba anapendwa. Mwaka 1868 alialikwa kuzungumza gerezani. Alipokuwa akisema, mfungwa mmoja alipaza sauti akimsihi Bwana asimpite. Fanny alirudi nyumbani na sauti ile masikioni, na jioni hiyo akaandika Usinipite Mwokozi. Kwa hiyo ule si wimbo wa watu waliovaa vizuri. Ni ombi la mtu aliyefungiwa, anayesikia wengine wakiitwa majina na anaogopa lake halitafika.

Mwaka uliofuata, jioni ya joto katika misheni ya wafanyakazi, alihisi kwamba kati ya wasikilizaji yuko mwana wa mama fulani ambaye ni lazima aokolewe usiku ule au asiokolewe kabisa. Akasema wazi, na kama yuko aje amwone baada ya ibada. Akaja kijana wa miaka 18 hivi, aliyekuwa amemwahidi mama yake kwamba watakutana mbinguni na kwa jinsi alivyokuwa akiishi ahadi ilikuwa imekufa. Waliomba pamoja, akaondoka amebadilika. Usiku ule Fanny aliandika wimbo wake wa kuwaokoa wanaopotea. Zaidi ya miaka 30 baadaye, mwaka 1903, alisimulia habari hiyo katika mkutano jimboni Massachusetts. Ibada ilipokwisha mtu mzima akaja kumsalimu, akamwambia yule kijana ni yeye. Mtu yule akaenda zake kabla Fanny hajalijua jina lake.

Kuhusu ndoa, iliyobaki ni hii. Miaka ilivyokwenda, Fanny na Alexander waliacha kuishi nyumba moja. Yeye aliishi huku, mume kule, mume akiwa na wanamuziki wake na kinanda chake, mke akiwa na nyimbo zake na misheni zake. Hawakutalikiana. Hawakutangaziana ubaya. Walibaki marafiki mpaka mume alipofariki mwaka 1902, wakati Fanny akiwa mji mwingine na afya yake ikiwa dhaifu. Watu waliomwuliza aliwajibu kwamba naye mume wake alikuwa na mapungufu yake, na yeye alikuwa na yake, lakini walipendana mpaka mwisho. Hatujui yaliyopita kati yao na si kazi yetu kuyafukua. Ninaitaja kwa sababu ziko nyumba katika kanisa zinazodhani kwamba waliotuandikia nyimbo za furaha walikuwa na furaha ya namna moja tu, na wakijilinganisha wanakata tamaa. Fanny aliimba juu ya upendo wa Mungu huku meza yake ya jioni ikiwa na sahani moja. Hakusubiri nyumba itengenezeke ndipo amsifu Bwana, wala hakudanganya kwamba imetengenezeka.

Mwaka 1900, akiwa na miaka 80 na mgonjwa wa moyo, ndugu zake walimshawishi ahamie Bridgeport, Connecticut, akaishi na dada yake wa mama mmoja, Carrie, aliyekuwa mjane. Wengi walidhani ndio mwisho wake. Akaendelea kusafiri, kuhubiri na kuandika kwa miaka kumi na zaidi. Ira Sankey, mwimbaji aliyefuatana na mhubiri D. L. Moody na kuzifikisha nyimbo za Fanny Uingereza na kwingineko, alipofuka macho katika miaka yake ya mwisho. Fanny alikwenda kumtembelea nyumbani kwake Brooklyn. Wazee wawili wasioona, mmoja aliyezoea giza tangu utotoni na mwingine anayelijifunza uzeeni, wakaketi pamoja wakaongea habari za nyimbo.

Usiku wa tarehe 11 Februari 1915 kulikuwa na familia ya jirani iliyofiwa na mtoto. Fanny, akiwa na miaka 94, aliomba mtu aje amwandikie, akataja barua ya kuwafariji na mashairi ndani yake. Kisha akaenda kulala. Kabla ya mapambazuko alikuwa amekwenda. Barua ya mwisho ya maisha yake ilikuwa kwa mzazi wa mtoto aliyekufa.

Kaburi lake liko Bridgeport. Aliagiza wasimjengee mnara mkubwa. Kama watu wanataka kutoa, watoe kwa ajili ya wazee wasio na pa kuishi. Jamaa wakaweka jiwe dogo lililoandikwa Shangazi Fanny, pamoja na yale ambayo Bwana wetu alimsema mwanamke aliyempaka marhamu ya thamani Bethania, katika Marko sura ya 14. Makao ya wazee yenye jina lake yalifunguliwa mjini humo mwaka 1925, nayo yalihifadhi wazee kwa miaka mingi.

Leo baada ya mahubiri kwaya na kusanyiko lote wataimba pamoja Usinipite Mwokozi, sauti zote nne, beti zote. Tunaomba wasimame wanaoweza kusimama.